Kutoka beki tatu hadi mlezi wa vichanga: mwongozo kamili wa kazi na daftari lake

Nilipoanza kazi Sinza hakuna aliyeniita mlezi. Nilikuwa beki tatu: nafua, napika, nadeki, na katikati ya hayo yote kuna mtoto kitandani. Jioni moja mama yake alirudi kutoka kazini akaniuliza swali jepesi tu: "Dada, leo amekojoa mara ngapi?" Sikujua. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na ushee, amelegea tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nashukuru kwamba leo kalala vizuri, nguo zimeisha. Tulikaa wodini siku tatu, mtoto ana dripu. Tulipotoka nikanunua kaunta buku, nikaichora mistari, na tangu siku hiyo sijalea kichanga bila daftari.

Kwa hiyo mwongozo huu una upendeleo wake, nausema mapema. Ukiniuliza tofauti kati ya dada wa kazi anayeshika mtoto na mlezi anayelipwa kwa ujuzi wake, sitaanza na cheti. Nitakuuliza daftari lako liko wapi. Nimeandika nikiwa na Dar es Salaam kichwani, na sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara; Zanzibar wana sheria yao ya ajira. Mambo ya mwili wa mtoto ni yale yale popote ulipo.

Hatua ya 1: Jua unauza kazi gani

Kuna mlezi wa kulala, anayeishi kwa mwajiri. Kuna wa kutwa, anayefika alfajiri na kuondoka mama akirudi. Kuna wa uzazi, anayekaa na mzazi siku zile arobaini, akimsaidia mama kupona huku akimshika mtoto usiku. Na kuna wa kituo cha kulelea watoto mchana. Kila mmoja ana bei yake na uchovu wake. Ukianza upya, nakushauri uanze na kutwa kwa mtoto mmoja aliyekwisha kufikisha miezi miwili. Kazi ya arobaini inalipa vizuri zaidi, lakini mtoto wa siku tano, ukikosea hatua moja, hana akiba ya nguvu, na mama naye bado anavuja damu na machozi. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Jambo la pili la kuamua ni mpaka. Kufua nguo za mtoto, kuchemsha vikombe vyake, kusafisha anapolala: hizo ni zako. Kufua mashuka ya nyumba nzima, kupikia wageni, kumsubiri fundi bomba: hizo si zako, na usikubali kwa sauti ya chini ukitumaini hazitakuja. Sisemi hivi kwa maringo. Kichanga anahitaji macho, na macho hayagawanyiki kati ya beseni la nguo na kitanda. Mwajiri asiyetaka kusikia hilo anatafuta beki tatu, na ana haki ya kumtafuta, ila asimlipe bei ya beki tatu akadai mlezi.

Hatua ya 2: Karatasi, afya na ujuzi

Andaa kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa unakoishi, na wadhamini wawili wanaopokea simu. Uwe umefikisha miaka 18. Najua wengi wetu tuliletwa mjini tukiwa wadogo kuliko hapo, na ndiyo sababu nasema hivi: binti wa miaka 14 hawezi kumkatalia bibi wa nyumba anayetaka kumpa mtoto dawa ya mizizi. Mtu mzima anaweza.

Pima afya kabla hujaulizwa: kifua kikuu, homa ya ini, choo. Hakikisha chanjo zako ziko sawa. Mwajiri akikulazimisha kupima virusi vya Ukimwi kama sharti la ajira, jua kwamba sheria ya Ukimwi ya 2008 inataka upimaji uwe wa hiari. Kata kucha, ondoa za bandia, vua pete. Nimeona shavu la mtoto lililochanwa na kucha ya jeli, na mama yake hakuhitaji maelezo zaidi.

Kwenye ujuzi, kozi ya huduma ya kwanza ndiyo ya lazima. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha, na ni mafunzo ya siku chache tu. Kozi za malezi ya awali ziko nyingi sasa, hasa tangu serikali ilipozindua mwaka 2021 ile programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, iliyofanya neno "malezi" lisikike hadi ofisi za halmashauri. Kabla ya kulipa ada, uliza kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Kuna watu wanauza vyeti vya wiki mbili vyenye mihuri mizuri kuliko mafunzo yenyewe.

Hatua ya 3: Mazungumzo na mkataba

Ukipelekwa na dalali, uliza mbele ya pande zote nani anamlipa na kiasi gani. Dalali anayetaka mshahara wako wa mwezi wa kwanza wote amekuuza, hajakutafutia kazi.

Kwa mwajiri, uliza kabla hajamaliza kukuuliza. Mtoto ana umri gani na alizaliwa akiwa na uzito gani? Alitimiza miezi? Ananyonya tu au anapewa na kopo? Amewahi kulazwa? Nani mwingine yuko nyumbani mchana? Nani ana neno la mwisho kuhusu mtoto nikishindwa kumpata mama kwenye simu? Hilo la mwisho litakuokoa kuliko yote. Liandike jibu lake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakuhusu hata kama unafanya kazi jikoni kwa mtu. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ziada, na hulipwa mara moja na nusu. Unastahili saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine upumzike saa 12. Kwa anayelala kwa mwajiri zinaweza kushushwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Walezi wa usiku wengi hawajawahi kusikia hilo.

Mshahara: amri iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwenye nyumba ya kawaida, na 120,000 kwa asiyelala. Hicho ni kima cha chini, na amri hizi hupitiwa upya, kwa hiyo ulizia inayotumika leo katika ofisi ya kazi au kwa CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachowahusu pia wa majumbani. Mlezi wa kichanga mwenye huduma ya kwanza na wadhamini asijipange kwenye kima cha chini. Taja bei yako, kisha nyamaza. Ule ukimya baada ya bei ndio mgumu kuliko bei. Dai pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake.

Mkataba uwe wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa peni. Weka kazi zako, saa, mshahara, siku ya mapumziko, simu za dharura na nani analipa nauli ya hospitali. Likitokea la kutokea, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki ndani ya siku 30. Ukikaa mwezi wa pili ukilia kwa mashoga, dirisha limefungwa.

Hatua ya 4: Ingia kabla mama hajarudi kazini

Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 kwa mapacha. Waajiri wengi huanza kutafuta mlezi siku ya 80, wakiwa wamechanganyikiwa. Wewe omba kuingia wiki mbili kabla. Wiki ya kwanza mama analea, wewe unatazama: anamshikaje, anamwimbia nini, akilia kwa njaa analiaje. Wiki ya pili wewe unalea, mama anatazama, na anaanza kutoka saa moja, mbili, nusu siku. Mtoto akikuzoea mama yake akiwa karibu, siku ya kwanza ya ofisi haiwi msiba.

Mkumbushe mama jambo ambalo maofisi hayatangazi: akirudi kazini sheria inamruhusu hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku. Anayekaa karibu na kazi anaweza kuja mchana. Anayekaa Kibaha na kufanya kazi Posta anaweza kuomba atoke mapema. Ratiba yako ya maziwa itategemea hilo.

Hatua ya 5: Daftari

Kila siku ukurasa mmoja. Safu ya saa, ya chakula na kiasi, ya mkojo, ya choo na rangi yake, ya usingizi, na ya mwisho pana kwa "mengine". Hiyo ya mwisho ndiyo inayolipa. "Saa 4 asubuhi, amekohoa mara tatu baada ya maziwa." "Bibi amekuja, nimemwambia hatujaanza maji, amekubali." Joto ukilipima, andika namba, usiandike "anachemka". Mama akirudi soma naye dakika tano kabla hujavaa viatu.

Daktari akiuliza ameanza lini kuharisha, utafungua. Mama akisema mwezi huu maziwa ya kopo yameisha haraka, utafungua. Ukiombwa mfano wa kazi yako kwa mwajiri mpya, huwezi kuonyesha mtoto wa watu wala picha zake, lakini unaweza kuonyesha ukurasa mtupu uliouchora na kueleza unavyoujaza. Mimi nimepata kazi mbili kwa ukurasa mtupu.

Hatua ya 6: Chakula

Mpaka miezi 6 kamili, maziwa ya mama peke yake yanatosha. Bila maji, bila glukosi, bila uji mwepesi wa "kumshikisha tumbo". Joto la Dar hujaribu watu hapa: mtoto anatoka jasho, mtu mzima anaona kiu. Maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji. Mwongeze kunyonya.

Maziwa yaliyokamuliwa yaweke kwenye chombo chenye mfuniko, bandika tepu, andika tarehe na saa. Kwenye friji, nyuma na si mlangoni, hukaa hadi siku 4. Nje ya friji utasikia watu wakitaja saa 6 hata 8. Kwa joto letu la Januari mimi siendi zaidi ya 4, na nikiweza nayatumia mapema zaidi. Umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia. Ikiwa imefungwa hushika baridi kama saa 4. Yaliyoganda yakiyeyuka hayarudishwi kugandishwa.

Kupasha, weka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto. Usiyachemshe, na usitumie maikrowevu, kwa sababu hupasha vipande vipande na kumuunguza mtoto koo huku chombo kikiwa cha uvuguvugu. Mafuta yakitengana juu, zungusha taratibu, hayajaharibika. Alichobakisha kisipitishe saa 2.

Kiasi: mtoto wa mwezi 1 hadi 6 hutumia kwa wastani mililita 750 kwa siku nzima, na sehemu yake anaipata kwa mama usiku na alfajiri. Kwa saa tisa za mama kutokuwepo, milo mitatu au minne ya mililita 90 hadi 120 huwatosha wengi. Mlishe anapoonyesha njaa: anageuza kichwa kutafuta, ananyonya ngumi, anahangaika. Kilio ni dalili ya mwisho, na ukingoja kilio utalisha mtoto mwenye hasira na hewa tumboni.

Nalisha kwa kikombe kidogo, si chupa. Wauguzi hufundisha hivyo kwa sababu kikombe huoshwa kikatakata, lakini chuchu ya chupa huficha uchafu. Mkalishe nusu wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, acha alambe mwenyewe. Usimimine. Siku tatu za kwanza utamwaga, na utasema nimekudanganya. Akimaliza mweke begani mpaka abeue.

Kwa maziwa ya kopo, kosa linaloua ni hesabu. Fuata kipimo cha kopo, kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, tena kijiko cha kopo hilo hilo. Kuongeza maji ili kopo livutike mpaka mwisho wa mwezi kunamkondesha mtoto taratibu mbele ya macho yako. Chemsha maji, yatumie ndani ya nusu saa yakiwa bado ya moto kuua vijidudu vilivyomo kwenye unga, kisha poza kikombe kwenye maji baridi. Yakikaa saa 2 mwaga. Na maji ya kisima cha chumvi, ambayo nyumba nyingi za Dar huyatumia kwa kufulia, yasimguse mtoto kabisa: ukiyachemsha chumvi inabaki pale pale.

Baada ya miezi 6, anza na vijiko viwili vitatu vya uji mzito usiodondoka kijikoni, mara 2 au 3 kwa siku, ukipanda taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11, mara 3 au 4. Ponda ndizi, parachichi, viazi, maharage, dagaa waliosagwa, kiini cha yai. Kuhusu ule unga wa lishe wa nafaka kumi na mbili na karanga, sijawahi kuupenda. Mtu hajui karanga zilihifadhiwaje, na sumukuvu haionekani kwa macho. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Unga mmoja safi, na karanga ulizochambua na kusaga mwenyewe, vinatosha. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja. Chumvi na sukari ziache.

Hatua ya 7: Kuoga, nepi, kulala

Kitovu cha mtoto mchanga kiache kikavu. Hakuna majivu, mate, mafuta wala poda ya aina yoyote. Kwa kawaida kitadondoka chenyewe ndani ya wiki mbili. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, na mimina ya baridi kwanza kwenye beseni ndipo ya moto. Kila kitu kiwe karibu kabla hujamvua: taulo, nguo, nepi. Simu ikilia ilie.

Nepi ibadilishwe mara inapolowa, na pampasi isikae usiku kucha kwa kubana matumizi. Msichana futa kutoka mbele kwenda nyuma. Mvulana usivute ngozi. Poda shingoni na kwapani ni pambo letu la siku nyingi, lakini vumbi lake linaingia kifuani. Maji safi na kukausha mikunjo vinatosha. Baada ya wiki ya kwanza, mkojo mara 6 au zaidi kwa saa 24 ndiyo afya. Saa 6 za mchana bila mkojo, piga simu.

Alale chali. Si ubavu na mto wa kuzuia, si kifudifudi kifuani pako huku nawe unasinzia kwenye sofa. Godoro gumu, bila mito, bila midoli, chandarua kimechomekwa. Nguo kwa hali ya hewa: nawaona watoto wa Dar mwezi wa pili wamevishwa sweta, kofia na soksi, mama yao kavaa gauni la mikono wazi. Gusa kifua chake, si viganja. Kifua kikiwa na jasho, punguza. Miezi mitatu ya kwanza hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, kisha 12 hadi 16.

Akiwa macho, ongea naye. Kazi hii haina mashine. Mwambie unachofanya, jibu sauti zake, ngoja zamu yake. Mlaze kifudifudi kwenye mkeka dakika chache mara kadhaa akiwa macho na wewe uko pale, shingo ipate nguvu. Mbeleko ni nzuri, ila uso uonekane na pua iwe wazi, na usimbebe ukiwa kwenye jiko la mkaa wala la gesi.

Hatua ya 8: Hatari

Zifahamu dalili hizi kwa moyo, hasa kwa walio chini ya miezi miwili: hanyonyi, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, joto limefika 37.5 au mwili umepoa usivyo kawaida, viganja na nyayo za manjano, kitovu chekundu au chenye usaha, amelegea, hajisogezi mpaka aguswe, degedege. Kwa mojawapo tu ya hizo hakuna kungoja jioni. Mpigie mama ukiwa tayari umeshika kadi ya kliniki na ufunguo.

Degedege ina hadithi nyingi. Utaambiwa ni ndege, ni shetani, na kwamba mtoto akichomwa sindano atakufa. Mlaze ubavu, legeza nguo, tazama saa, usimtie kitu mdomoni, usimnusishe kitunguu, na nenda hospitali. Andika ilianza saa ngapi na iliisha saa ngapi.

Akipaliwa na hawezi kulia wala kukohoa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, shika taya. Piga kwa kitanga cha mkono katikati ya mabega mara 5. Haikutoka, mgeuze chali, vidole viwili katikati ya kifua chini kidogo ya mstari wa chuchu, sukuma mara 5. Rudia. Usichokore kooni kwa kidole kitu usichokiona. Akizimia, anza kusukuma kifua mara 30 na kupuliza pumzi 2, na piga kelele watu waje. Kusoma hapa hakutoshi. Ndiyo maana nilisema kozi ni ya lazima.

Nyumba yenyewe ikague kwa magoti, ukitambaa kama yeye. Ndoo yenye maji ya kina cha shubiri inamzamisha mtoto anayejifunza kusimama. Chupa ya soda yenye mafuta ya taa ni ajali inayosubiri. Akinywa, usimtapishe, kimbia naye hospitali. Chupa ya chai, waya wa birika, betri ndogo za rimoti, hina, dawa za bibi za presha: juu, na kumefungwa.

Chanjo zina siku zake: kuzaliwa, wiki 6, 10, 14, miezi 9, miezi 18. Ziandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Na ukimwona mtoto, wako au wa jirani, anafanyiwa ukatili, namba 116 ni ya bure.

Hatua ya 9: Bibi wa nyumba, na hasira yako mwenyewe

Hapa ndipo walezi wazuri hufukuzwa. Bibi kalea watoto saba na wote wapo. Anakuja na dawa ya mchango, anataka mtoto anywe kijiko kimoja. Au mtoto anakohoa, anataka apelekwe kwa mkata kimeo. Au ana homa na kuharisha, inasemekana ana meno ya nailoni, kuna mtu Mbagala anayatoa. Kimeo kikikatwa mtoto anaweza kuvuja damu na kuoza koo. Hayo yanayoitwa ya nailoni ni meno yake halisi yaliyo bado ndani ya ufizi, yanachimbuliwa kabla ya siku zake. Hapo huna nafasi ya kukubali nusu.

Lakini usibishane. Mwamkie, mpe kiti, mpe mtoto ampakate. Kisha: "Bibi, mimi nimeachiwa maagizo. Naomba tumpigie mama Ilham kwanza, akisema sawa, mimi ni nani?" Umemheshimu, na umemrudishia mzigo mwenye mtoto. Halafu andika. Mambo ya bibi yasiyo na madhara yaache yaende: kumchua kwa mafuta ya nazi kwa mkono mwepesi, bembelezi za kikwao, uzi mweusi mkononi ukiwa haubani wala haufiki mdomoni. Sijawahi kugombana na wanja kwenye unyayo. Wanja wa machoni nimewahi.

Kuhusu kilio. Kilio cha kichanga hupanda mpaka wiki ya sita hivi, na jioni ndiyo saa yake. Kagua njaa, nepi, joto, nguo inayobana, uzi uliojizungusha kidoleni. Yote yako sawa na bado analia, na wewe kichwa kinagonga? Mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika tano, osha uso. Kulia hakumdhuru. Kutikiswa kunaweza kumwacha kipofu au kumuua, na kunatokea ndani ya sekunde chache mikononi mwa watu wema waliochoka. Nimewahi kutoka hivyo mara nyingi, na niliandika kwenye daftari kila mara. Hakuna mama aliyenilaumu. Mmoja alisema na yeye hufanya hivyo bafuni.

Hatua ya 10: Kupanda daraja na kuondoka

Baada ya watoto watatu au wanne utaanza kuitwa kwa jina, bila dalali. Hapo ndipo ofa za Oman na nchi nyingine za Ghuba huja. Wapo waliokwenda wakajenga. Wapo waliorudi bila begi. Pitia ofisi ya serikali ya huduma za ajira, mkataba uusome kwa lugha unayoielewa, acha nakala ya mkataba na ya pasipoti kwa ndugu, na uliza idadi ya watoto na vyumba, maana "yaya wa kichanga" huko mara nyingi hugeuka kuwa nyumba ya ghorofa mbili peke yako.

Ukitaka kuacha kazi, notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Omba cheti cha utumishi; sheria inakupa haki hiyo hata kama mmeachana vibaya. Mlezi mpya akija, rudia zile wiki mbili: ya kwanza yeye anatazama, ya pili unatazama wewe. Mwonyeshe analishwaje, kikombe kipi, bega lipi. Mtoto wa miezi minane atakulilia mlangoni, kwa sababu umri huo ndio anaanza kujua nani ni nani. Usitoroke akiwa amelala. Muage, mpungie mkono, nenda.

Daftari unaliacha. Ni la mtoto. Mimi huchana ukurasa mmoja tu mtupu wa mwisho, ule wenye mistari niliyoichora, naukunja kwenye pochi.